Mjane Aliyehamia Besi

Watu wa huku Mtoni wakiniuliza nilianzaje kupiga chelo, huwa wananiangalia magoti, si uso. Kwa asiyeijua, chelo ni kama fidla iliyonenepa ikashindwa kukaa begani. Inasimama chini, mpigaji anaikumbatia katikati ya magoti na kuisugua kwa upinde. Sasa mwanamke wa umri wangu, mjane, kavaa nyeusi juu mpaka chini, akikaa hivyo mbele ya waumini, lazima watu wapate la kusema. Wacha waseme. Mie ni fundi cherehani. Nilijishonea sketi nyeusi ya marinda mengi, kitambaa kizito, pindo pana, hata feni ya kanisani haiwezi kuiinua. Aliyekuja kutafuta kitu pale alirudi kwao na macho yake.

Jina langu Genoveva, ila mtaani ni Mama Blessing. Kwetu Songea, na Songea kwenyewe nikienda wananiita mtu wa Dar, kwa hiyo sina kwetu kwingine zaidi ya hapa Temeke. Mume wangu Stephano alikuwa anaendesha foklifti bandarini. Tulikutana kwaya, tukaoana kwaya, tukazeekea kwaya, mie alto na yeye besi. Kwenye kwaya yetu wanawake wanakaa mbele na wanaume nyuma, kwa hiyo ndoa yangu ukiitazama kanisani ilikuwa ni mie kumpa mume wangu mgongo, na yeye kuniimbia kisogoni kila Jumapili. Tuliishi vizuri. Siyo vizuri vya kuandikwa, vizuri tu.

Alifariki asubuhi, amekaa kitandani anafunga viatu vya kazini. Nilimwita aje anywe chai, kimya. Nikamwita tena kwa ukali, maana chai ilikuwa inapoa na gari la kazini halimsubiri mtu. Ukali wangu ndio kitu cha mwisho alichokisikia, kama alikisikia. Hospitali walisema presha. Haya, presha.

Sikulia.

Nalisema mwenyewe kwa sababu limeshasemwa sana na wasiohusika. Turubai lilifungwa, viti vikaja, akina mama wa jumuiya wakapika, na wifi yangu Adelina, dada yake marehemu, akalia mpaka akazirai wakamwagia maji. Mie nilikaa mkekani najiangalia mikono. Jeneza lilipofunguliwa tuage, nilichokiona ni kile kitambaa cheupe kilichotandikwa ndani. Aliyekishona alikuwa karukaruka, uzi haukukazwa, kona moja imeanza kufumuka. Nikainama, nikaisukumia ndani kwa kidole ikae vizuri. Watu wakasubiri niangue kilio. Nikanyanyuka, nikarudi kukaa. Nyuma yangu nikasikia mtu anasonya.

Binti yangu Blessing, mtoto wangu wa pekee, alikuwa amenishika mkono tangu asubuhi. Akauachia.

Msiba ulipokwisha na watu wakatawanyika, alinifuata chumbani.

"Mama, hata chozi moja?"

"Sina."

"Huna nini?"

"Hilo chozi. Sina."

Nilikuwa namwambia ukweli. Mtu akija kukuomba chumvi na chumvi huna, unamwambia huna, hugombani naye. Lakini Blessing alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Akasema baba yake hakustahili hivi. Akafungasha nguo, akahamia kwa shangazi yake Adelina kule Ubungo, ati ni karibu na duka la dawa anakofanyia kazi. Duka lenyewe lilikuwa palepale muda wote na hakuwahi kulalamikia umbali. Tukabaki na simu. Asubuhi ananiandikia, "Shikamoo mama." Namjibu, "Marahaba, umeamkaje." Ananijibu, "Salama." Basi. Ujumbe kama huo mtu anamtumia hata mwenye nyumba.

Nilijua nampoteza. Nilikuwa nalijua hilo kama unavyojua kuwa nje mvua inanyesha na wewe umo ndani. Kwenye ukoo wetu mjane akitimiza mwaka anavuliwa nyeusi baada ya misa, na mtoto wake ndiye anayemfunga kitenge kipya kiunoni, mbele za watu. Mie nina mtoto mmoja tu. Asipokuja, nani atanifunga? Wifi Adelina? Bora nibaki na nyeusi mpaka inichanikie mwilini.

Na mtu asikudanganye kwamba asiyelia kaificha huzuni mahali. Mie nilitafuta. Nililala upande wa Stephano kitandani nione, wala. Nilinusa shati lake, lilikuwa shati. Siku moja nashona gauni la komunyo ya kwanza, sindano ikaniingia kidoleni na sikujua mpaka nilipoona damu kwenye kitambaa cheupe cha watu. Nikakasirika kuhusu kitambaa. Hasira ndiyo iliyokuwa imebaki, na yenyewe ilikuwa ya vitu vidogo vidogo, foleni ya bombani, jirani kufulia mlangoni kwangu, Mama Jenipher.

Huyu Mama Jenipher ni mwenyekiti wa kwaya. Mwanamke mzuri, sauti ya kwanza, ila sheria anazipenda kuliko nyimbo. Kwaya yetu ina desturi kwamba mfiwa haimbi mpaka avue nyeusi. Anakaa na waumini wengine, na kwaya inamwimbia. Desturi yenyewe nzuri kwa mtu anayelia, maana huwezi kuimba unalia. Mie silii, na bado nimewekwa benchi la nyuma karibu na mlango, na alto wananikosa mpaka wanapwaya. Nilisikia kila kosa lao. Hata hilo halikuniuma. Nilikuwa nalisikia tu, halafu linapita.

Aliyenitoa benchini ni Mwalimu Alfonsi, mwalimu wetu wa kwaya. Zamani alikuwa seminari, kabla hajamwona mkewe, na huko alifundishwa chelo kidogo. Parokiani kuna chelo moja, sista mmoja Mzungu aliiacha alipokuwa anarudi kwao, ikawekwa stoo pamoja na sanamu za Krismasi. Kila mwaka ikifika Desemba watu wanaitoa ili wamfikie mtoto Yesu, halafu wanairudisha. Mwalimu alinikuta baada ya misa nimekaa palepale benchini, sina haraka ya kwenda popote.

"Mama Blessing," akasema, "nimeisoma ile desturi ya kwaya upya. Inasema mfiwa asiimbe. Kuhusu kupiga haisemi."

"Kupiga nini?"

"Njoo stoo."

Nilimwambia samaki mkunje angali mbichi, na mie nimeshakauka kama ng'onda. Akasema ng'onda akilowekwa analainika. Nikamfuata, siyo kwa kutaka. Wakati ule mtu akiniambia njoo naenda, akiniambia kaa nakaa.

Akaipangusa vumbi, akakaza nyuzi zake nne, akapaka upinde kwa kipande cha utomvu mkavu unaofanana na ubani. Akaniweka kitini, akaniegemezea lile limbao kifuani. Akanishika mkono wa kulia, tukavuta upinde pamoja kwenye uzi wa pili kutoka chini.

Sasa hapa ndipo huwa nashindwa kueleza. Sauti haikuja masikioni. Ilikuja kwenye mfupa wa kifua na ndani ya magoti, ikatetemeka humo, kisha ikafika masikioni baadaye kama mgeni aliyepitia mlango wa jikoni. Nilikuwa na miezi sijahisi kitu ndani ya kifua hicho. Sisemi nilihisi huzuni. Nilihisi uzi unatetemeka. Nikamwambia Mwalimu, rudia. Akasema rudia mwenyewe. Nikavuta peke yangu, ikatoka kelele ya mlango wa geti lenye kutu, na hiyo nayo nikaihisi.

"Jumamosi," akasema Mwalimu.

"Na Jumatano," nikasema mie.

Ukitaka kujua raha ya chelo usimuulize anayeijua, muulize anayejifunza. Anayeijua ameshasahau. Mie nilikuwa naamka asubuhi nikijua kuna kitu jana sikukiweza na leo huenda nikakiweza. Vidole vya kushoto vilivimba ncha, nyuzi zile ni ngumu, zinakata. Viliuma kweli. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani navibonyeza bonyeza mezani ili viume tena, na nikiona vinauma naridhika. Upinde ndio ulionisumbua. Mkono wangu wa kulia umezoea kusukuma kitambaa, unataka kwenda mbele tu, na upinde unataka uende na urudi, na kwenye kurudi ndiko kwenye kazi. Mwalimu aliniambia nisiukamate kama mkasi. Nikamwambia mkasi ndio ulionilisha. Akasema haya, shika kama unashika uzi unataka kuutunga kwenye sindano. Hapo nikamwelewa.

Halafu likaja la nota. Sie kwenye kwaya tunasoma nota za do, re, mi, zilizoandikwa kwa herufi, kila sauti na mstari wake. Soprano juu, chini yake alto, halafu tena, ile sauti ya juu ya wanaume, na chini kabisa besi. Chelo inapiga besi. Na mie tangu usichana jicho langu halijawahi kushuka chini ya mstari wa pili. Kila nikianza wimbo vidole vinakimbilia alto vyenyewe.

"Mama Blessing, hama," Mwalimu anasema.

"Nahama."

"Hujahama, umerudi kwenu."

"Mwalimu, mtu hahami nyumba aliyoishi hivyo kwa siku moja."

Taratibu nikahama. Besi si sauti ya kujionyesha. Alto angalau tuna vijimaneno vyetu katikati, besi anakaa na do yake, anakaa na so yake, anasubiri wenzake wamalize kuzunguka. Nikaanza kuona kumbe bila yeye sie wote tunaelea. Siku moja nilipiga wimbo mzima wa shukrani, ule tunaouimba baada ya komunyo, besi yote tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukosea, na Mwalimu akaimba sauti ya tena juu yake. Tulipomaliza nikacheka. Siyo kutabasamu, nilicheka kwa sauti, upinde mkononi, na nyeusi yangu mwilini.

Mama Jenipher alikuwa mlangoni, kaja kuchukua funguo za ukumbi.

Akachukua funguo, akaenda zake. Alisema kwingine. Mama Jenipher na wifi Adelina wako kikoba kimoja cha akiba, kwa hiyo habari haikuhitaji nauli. Jumapili iliyofuata jioni Blessing hakuandika, alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nasikia unafurahi."

Ningeweza kumwambia siyo kweli. Lakini ilikuwa kweli. Katika vitu vyote vilivyoondoka, furaha ndiyo iliyotangulia kurudi, na mwenzake huzuni hajafika, na mie sikuchagua nani aanze. Yote hayo nilitakiwa niyaseme kwenye simu, nikasema, "Najifunza chelo."

"Baba hajamaliza hata mwaka."

"Najua."

"Hukumlilia, sasa unamchekea."

"Simchekei yeye."

Akakata. Kesho yake asubuhi hakukuwa na shikamoo. Wala kesho kutwa. Nilikuwa naitazama ile simu juu ya meza ya cherehani, nikitegemea nitaumia. Sikuumia, nikaendelea kushona. Nilijiogopa. Nikasema huyu mtoto ana haki, huenda mie ni mtu mbaya na Stephano hakuwahi kujua.

Mwaka ukawa unakaribia. Misa ilishapangwa, wifi Adelina alishatangaza kwa watu nani atapika. Kitenge changu kipya nilikinunua mwenyewe, nikakipinda ncha, nikakikunja nikakiweka juu ya kabati. Nilimwandikia Blessing tarehe. Akaisoma, maana siku hizi simu inakuonyesha, na hakujibu.

Nilichofanya ni kupiga besi. Nilimwomba Mwalimu nota zote, nyimbo za mwaka mzima wa kanisa, nikawa nazipiga moja moja. Nilijiambia huu ndio mstari wake, hii ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya nyuma yangu. Nikawa naona mpangilio wake, mtulivu, hauendi popote bila sababu. Nikasema kumbe ndivyo alivyokuwa, mwanaume wa nidhamu. Nilimheshimu. Heshima unaweza kuwa nayo hata ukiwa umekufa ganzi.

Jumamosi moja ukumbi wa parokia ulikuwa na sendofu ya bibi harusi, spika mpaka barabarani, kwa hiyo Mwalimu akaniruhusu niende na chelo nyumbani. Tuliipakia kwenye bajaji, mie pembeni nimeikumbatia, dereva akaniuliza mgonjwa anaelekea hospitali gani. Nikaiweka sebuleni, nikasogeza vitambaa vya wateja, nikaanza na ule wa shukrani.

Sikusikia hodi. Nilipoinua macho Blessing alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, viatu hajavua. Amekonda. Nilitaka kusimama, lakini ukiwa na chelo mapajani husimami tu hivi hivi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Sikai. Nimekuja na neno moja kuhusu hiyo siku ya kitenge, nimeona si la kusema kwenye simu." Akaitazama chelo, akaitazama sketi yangu ya marinda. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Unapiga nini?"

"Besi. Ule wa shukrani." Halafu nikasema, na nilidhani nampa zawadi, "Ni sauti ya baba yako."

Sikujua kama atakasirika au atatoka. Akakunja uso, akasema, "Piga tena."

Nikapiga. Nilipiga vizuri, Mwalimu angekuwepo angefurahi. Blessing alisikiliza mpaka mwisho kwa makini, kama anavyosoma cheti cha daktari pale dukani kwao.

"Hiyo siyo sauti ya baba," akasema.

"Ni besi ya karatasi. Tazama mwenyewe."

"Karatasi sijui. Baba hakuimba hivyo. Pale kwenye kiitikio, mwishoni, wewe unapanda. Baba alikuwa anashuka."

"Pameandikwa panda, mwanangu."

"Alikuwa anashuka."

Akaiimba. Blessing hana sauti kubwa, na yuko juu kuliko baba yake, lakini alishuka kweli, akaenda chini mpaka sauti ikamwishia ikabaki pumzi. Nikatafuta. Akasema bado. Nikateremka. Akasema chini zaidi. Nikahamia uzi ule mnene wa mwisho, ambao nilikuwa naukwepa kwa sababu unanguruma na mkono wangu haujaumudu. "Zaidi kidogo," akasema, na sasa alikuwa ameweka mkoba chini na amechuchumaa mbele ya chelo. Ilibidi nitumie kidole kidogo, ambacho kwenye cherehani hakinaga kazi. Nikabonyeza. Haikutosha. Nikabonyeza mpaka kikatetemeka, nikavuta upinde wote.

"Hapo," akasema Blessing.

Nilifurahi, siwezi kuficha, na nilifurahi mbele yake. Nikaipiga tena. Ilikuwa kosa. Kimuziki ni kosa kabisa, inagongana na sauti ya tena, lakini nilipoisikia kisogo kilinisisimka. Kisogo changu kiliijua. Ndiyo niliyokuwa naisikia kila Jumapili nikadhani besi yote ndivyo ilivyo.

"Umejuaje wewe?"

"Si nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa miguuni kwake kwayani. Wewe ulikuwa mbele." Akavuta lile rundo la nota kutoka mezani, akaanza kufunua. "Huu nao alikuwa anaukosea. Na huu. Huu wa Kwaresima alikuwa haumalizi, anafungua mdomo tu."

"Zote hizo?"

Akaacha kufunua. Akakaa chini sakafuni, juu ya vitambaa vya watu, na sikumkataza.

"Mama, baba hakujua nota."

"Nani kakuambia? Alikuwa anashika karatasi."

"Alikuwa anashika. Mie ndiye niliyekuwa namfunulia ukurasa, nikiona Baba Benedikto, besi mwenzake, kafunua wake. Alikuwa anaimba anavyosikia. Aliniambia nisikuambie. Alisema alikuja kwaya kwa ajili ya yule dada wa alto, akadhani huko watu wanaimba tu, akakuta wanasoma. Akawa anangoja siku nzuri ya kuuliza. Halafu mkaoana, ikawa aibu."

"Na Mwalimu alikuwa anagomba," nikasema. Nilikuwa nayakumbuka. "Kila mazoezi. Besi, nani huyo anashuka?"

"Eeh. Na baba anageuka taratibu, anamwangalia Baba Benedikto kwa masikitiko."

Benedikto wa watu. Miaka yote nilijua Benedikto ndiye anayeharibu besi. Nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka mazoezi naweka mkoba namsema Benedikto, hana sikio, angeenda akaimbe mpirani, na Stephano amekaa pale kwenye kochi anatikisa kichwa. "Yule bwana ana kazi," anasema. Aliniangalia usoni, mara ngapi, akasema yule bwana ana kazi.

"Kwa nini asiniambie?" nikamuuliza Blessing.

"Alisema utamcheka."

Ningemcheka. Ningemcheka mpaka majirani waje.

Blessing alikuwa ananitazama, na nilijua anatafuta nini machoni kwangu, na nilijua bado hakipo. Hakuliuliza. Akachomoa karatasi moja kwenye rundo, akaniwekea juu ya kiti mbele yangu.

"Huu wa Pasaka ndio usiseme," akasema. "Huu tukiuanza hatumalizi leo."

"Ulisema umekuja na neno."

"Lipo. Tuanze na huu kwanza. Mie Jumamosi siingii kazini."

Akavua viatu. Akaanza kunitajia, hapa alikuwa anangoja, hapa aliingia kabla ya wenzake, hapa hakujua aende wapi akabaki na do mpaka mwisho. Nikawa natafuta kila kosa kwenye nyuzi, moja baada ya jingine, na yeye anasema bado, bado, hapo. Na kwenye lile la kubaki na do, mwanaume mzima na karatasi yake mkononi, anangoja wenzake wamkute, nilimwona. Nilitaka awepo. Nilitaka awe amekaa pale kwenye kochi nimwambie Stephano, nimeshajua, nimcheke usoni mpaka akasirike, na yeye akasirike kweli. Nilimtaka vibaya sana mpaka upinde ukanisimama mkononi. Tangu tumzike, sikuwa nimemtaka.